Kidonge Alichokikataa Mama

Mama yangu alikuwa na kansa ya mfupa wa nyonga, na mimi nilikuwa na hasira. Simwombi mtu msamaha kwa hilo.

Tuliishi milimani, juu ya kijiji cha Kwai, tukilima kabichi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, malori ya Dar yalipoanza kupanda hadi kwetu kufuata mboga, na Lushoto mjini yakafunguliwa maduka ya dawa ya watu binafsi. Zamani dawa ya maumivu makali ungeitafuta hata Tanga ukarudi mikono mitupu. Sasa niliuza kabichi asubuhi, mchana nikarudi na vidonge alivyoandika daktari. Kile kilima nilikipanda ninaimba.

Mama akaitazama ile pakiti, akaisukuma kando. "Yesu msalabani walimpa divai yenye dawa ya kumtuliza, akaikataa. Mimi ni nani niikubali?"

Nyonga ilikuwa inamtafuna, jamani! Tukimgeuza kitandani anang'ata kanga, jasho linamtiririka, na akizidiwa Kiswahili kilimkimbia kabisa, akawa anamwita mama yake kwa Kishambaa. Bibi mwenyewe alifariki mimi sijazaliwa.

Akina mama wa usharika wakaongeza tabu. Desturi yao ni kumjia mgonjwa na mizigo ya kuni kichwani, wakishaitua wanazunguka kitanda na kuimba. Kuni zao zilitupikia, Mungu awabariki, nasema kwa moyo wote. Lakini waliposikia habari ya vidonge, wakamsifu. Huyu ndiye Mkristo, wakasema, huyu anaubeba msalaba wake. Basi mama akaona haya hata kuguna mbele yao. Wao wanaimba beti zote, yeye anatabasamu, vidole vimeukaza ukingo wa kitanda.

Siku moja nikawaka. "Shikamooni, mama zangu. Asanteni kwa kuni. Sasa naomba mtupishe."

Waliduwaa. Mmoja akaanza kunikemea, mwenzake akamvuta mkono, wakatoka.

Nikapiga magoti kando ya kitanda, wala si kwa unyenyekevu, nipate tu kumtazama machoni. "Mama, ile divai aliikataa, sawa. Lakini baadaye, pale pale msalabani, si alisema ana kiu? Si walimwinulia sifongo mdomoni, akanywa? Mwana wa Mungu, mama, mbele ya watu wote, alisema anaumia! Wewe umemzidi nini?"

Akageuzia uso ukutani. Nilidhani nimemkosea. Kisha akaanza kulia, yeye ambaye hakulia mbele yangu tangu ugonjwa umpate.

"Naogopa," akasema. "Nilipokuwa mzima kichwa changu kilijaa kabichi tu. Nilipougua ndipo nikamsikia Yesu yupo karibu, hapa hapa. Sasa maumivu yakiondoka, je, na Yeye?"

Ningemdanganya nini? "Sijui, mama," nikamwambia. "Tujaribu."

Akafungua mdomo. Nikamwekea kidonge, nikamnywesha maji, nikakaa kumtazama. Taratibu vidole vikaachia ukingo wa kitanda. Uso ukalegea, akalala, akakoroma hasa! Nilifurahi hadi nikashika mdomo, halafu woga ukaniingia. Je, akiamka amkose? Nitakuwa nimempa usingizi na kumnyang'anya Mungu wake.

Alipoamka aliomba uji, akaunywa wote. Akauliza kama kabichi za bondeni zimepaliliwa, akasema sauti yangu nilipowafukuza wenzake ilifika mpaka barabarani. Nilicheka, lakini kumwuliza lile jambo sikuthubutu. Nikachukua kikombe niende jikoni.

"Yupo," akaniambia mgongoni.

Nikageuka. Asante Mungu, nilisema, nikarudia, hata sikumbuki mara ngapi.

Mama akavuta blanketi kifuani. "Maskini, siku zote hizi alikuwa anakesha na mimi," akasema. "Leo tumelala wote."