Kindi wa Kambi ya Vibarua, Oldeani

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya mwanzo ya Uhuru, niliripoti kwenye shamba la kahawa chini ya Oldeani nikiwa na tai shingoni na shahada ya elimu ya viumbe. Bwana Wanyamapori, mkubwa wangu wa kwanza, alinitazama kwa huruma. "Vua tai, kijana. Kindi hawasomi."

Kindi wa ardhini walikuwa wakifukua mbegu za mahindi kwenye bustani za vibarua. Meneja alikwisha sema: wasipokoma, anamwaga sumu. Mama Hadija, kibarua kutoka Singida, alilima nyuma ya nyumba yake, na mjukuu wake ndio kwanza alikuwa anatambaa.

"Mwanangu," aliniambia, "huyu mtoto hajui ipi sumu, upi uji. Fanya upesi hiyo elimu yako."

Tulitumia masinia ya mchanga uliochanganywa na punje za mahindi. Mnyama hufukua na kula mpaka hofu izidi njaa, kisha huondoka. Punje zinazobaki ndizo kipimo cha hofu yake. Niliweka masinia mengine uwandani, mengine karibu na milango. Ya milangoni yalikombwa yote.

Nikatunga maelezo marefu kuhusu ujasiri wa kindi. Bwana Wanyamapori akachutama, akatazama nyayo mchangani.

"Kindi wako huyu anataga mayai."

Mama Hadija akawafungia kuku wake, nikaanza upya. Safari hii nyayo zilikuwa za kindi kweli, na bado walikula zaidi karibu na nyumba. Sababu ilikuwa ikizunguka angani: mwewe hashuki penye watu. Kindi alipima hatari mbili, akaona afadhali sisi. Ila hakusogea mbali na marundo ya kuni na mawe kando ya nyumba, maficho yake akishtuka.

Tukayahamisha marundo yote ng'ambo ya barabara. Mama Hadija akapanda tena, huku akinung'unika kuwa sasa kuni anazifuata kama anakwenda Karatu.

Baadaye nilihamishiwa Ngorongoro, kisha Oloipiri, chini ya wakuu wengi, wengine wakiwa na tai. Sasa nimestaafu, na vijana wakiniuliza nilifanya nini kazini, nawatajia mahindi yale. Yaliota. Mjukuu alijifunza kutembea humo humo bustanini, aking'oa miche mingi kuliko kindi wote, na kwa huyo meneja hakupendekeza sumu.