Mtani Aliyeacha Kunitania

Niliporudi kijijini kutoka Dar es Salaam, nikiwa na kovu lililoanzia chini ya titi la kushoto na kuzunguka mbavu hadi mgongoni, mtani wangu alikuja kunipokea, akavua kofia. "Pole sana, Mwalimu," alisema. "Mungu akujalie afya njema."

Nikajua nakufa.

Asiyetoka pande zetu ataniona mwehu, kwa hiyo nieleze. Mimi ni Mmakua wa Chiungutwa, kule chini Masasi. Serikali ilinipeleka kufundisha katika kijiji cha Ujamaa kilichokuwa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Newala. Yeye alikuwa Mmakonde, mkulima wa mikorosho na mihogo, na nyumba yake ilitazamana na yangu katika ile mistari tuliyopangwa. Mmakua na Mmakonde ni watani, na mtani hana adabu kwa mtani wake hata msibani. Mwaka mmoja kabla, nilipolala na malaria, alikuja na kamba akanipima kuanzia utosini hadi kisiginoni mbele ya mke wangu, akatangaza kwamba kaburi langu litakuwa fupi na wachimbaji watarudi nyumbani chai ikiwa bado ya moto. Sasa mtu huyohuyo ananiombea kwa Mungu, kofia mkononi! Mtani haachi utani bure. Alikuwa na habari ambayo mimi sikuwa nayo.

Nilikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Nilishawahi kukimbia kutoka Nanganga hadi Masasi mjini, watu wakitoka mashambani kunipa maji kwenye kata za vibuyu, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyenishinda wilayani. Kumbe muda wote huo moyo ulikuwa na kasoro. Homa fulani ya utotoni, iliyonivimbisha magoti, iliacha mlango mmoja wa moyo ukifunguka kidogo tu. Siku moja ya kiangazi, nikifanya mazoezi kwenye mteremko wa kisimani, giza lilinifunika, nikaja kuzinduka nikiwa zahanati. Niliambiwa tu kwamba watu walinibeba. Huko Dar es Salaam daktari alinipasua ubavuni, akaingiza kidole ndani ya moyo na kuupanua ule mlango. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo lazima nikae chini.

Aliponiruhusu alisema nitembee kila siku, nikiongeza kidogokidogo. Siku nitakayoweza kupanda mlima bila kusimama, ndipo nimwandikie kuhusu mbio. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Sikutaka kingine chochote duniani zaidi ya kuandika barua hiyo.

Wema ulianza siku ileile niliyofika. Mwenyekiti wa kijiji alinitaja mkutanoni, watu wakapiga makofi. Akina mama waliotoka kisimani na ndoo vichwani walinipisha njia, wakisema, "Jikaze, Mwalimu, utakimbia tena." Tuliletewa kuku, karanga na unga wa muhogo, mpaka mke wangu akaanza kugawa. Wanafunzi waliimba nilipopita.

"Wanakupenda," mke wangu alisema.

"Tangu lini? Mwaka jana walinisema kwamba nakimbia ovyo kama mbuzi aliyekata kamba."

"Wewe mwanamume una roho ngumu."

"Hospitali walikwambia nini ulipokuja kunichukua?"

"Walichokwambia wewe."

Nilimtazama usoni kuona kama anaficha kitu. Alikuwa anamenya muhogo na wala hakuinua macho. Nilihesabu hilo pia kuwa ushahidi.

Nilianza kutembea alfajiri, kwanza hadi shuleni, kisha hadi ukingoni, kisha nikateremka kidogo kwenye njia ya kisimani. Maji yetu yalikuwa chini bondeni, na njia ya kurudi ilikuwa ndiyo mlima niliokuwa nautafuta. Kila baada ya muda nilisimama, nikashika mshipa wa mkononi, nikatazama saa na kuandika tarakimu kwenye daftari. Kutoka pale ulionekana mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji, ambako vita vilikuwa vimepamba moto. Siku nyingine tulisikia ngurumo za mabomu ya Wareno. Vijana wa mgambo walikuwa wakimuuliza maswali kila mgeni, na wakati mwingine hata wenyeji.

Wiki ya tatu nikagundua kwamba nafuatwa.

Nikisimama, nyayo zilizokuwa nyuma yangu zinasimama. Nikigeuka, naona kichaka tu. Asubuhi moja niliona kofia ya mtani wangu ikizama nyuma ya mwamba, na kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Mtu wa kule chini Masasi, si wa kwao, anakwenda peke yake ukingoni kila alfajiri, anatazama Msumbiji na kuandika tarakimu kwenye daftari. Wamenishuku kuwa jasusi! Makofi, kuku, nyimbo za watoto, vyote vilikuwa vya kunipumbaza. Na aliyepewa kazi ya kunichunga ni mtani wangu, ndiyo maana hawezi tena kunitazama na kucheka. Niliumia kuliko nilivyoumia chini ya kisu, na nilikuwa na hasira ambayo daktari asingeiruhusu.

Kesho yake niliteremka mpaka kisimani kabisa. Wakati wa kurudi sikuanza kupanda. Nilijibanza nyuma ya mti mkubwa uliokuwa kando ya njia, nikasubiri.

Walikuja wanaume wanne, mtani wangu akiwa mbele. Hawakuwa na bunduki wala virungu. Wawili walikuwa na miti mirefu miwili begani, na wa nne alikuwa na blanketi lililokunjwa na kamba za magome. Nilivitambua vitu vile mara moja, kwa sababu hakuna mtu wa kule asiyevitambua. Ilikuwa ni machela, ile tunayombebea mgonjwa asiyeweza kutembea, au maiti.

Nilitoka mafichoni. "Kumbe mnanisubiri nianguke!"

Watatu waliinamisha macho. Mtani wangu hakuinamisha.

"Ndiyo," alisema.

"Mchana mnaniambia jikaze, alfajiri mnanifuata na machela. Daktari amewaambia nini? Sema! Nakufa lini?"

"Hatujaambiwa kitu, Mwalimu. Daktari wako hatumjui." Alipangusa uso kwa kofia. "Ulipoanguka siku ile, unajua nani alikutoa hapa?"

"Watu."

"Watu gani? Nilikuwa peke yangu. Hapakuwa na machela. Nilikubeba mgongoni kutoka hapo mwambani mpaka juu. Moyo wako ulikuwa umelala hapa," akajigusa chini ya bega, "nikausikia. Unapiga, unaacha. Unaacha mpaka nasema basi, nimebeba maiti, kisha unapiga. Njia nzima hivyo. Nikitaka kukutania naukumbuka, ulimi unakufa."

Niliona aibu kubwa, na aibu ile haikuniondolea shaka yote. Nilimwambia nitapanda sasa hivi, bila kusimama, na wao waje nyuma wazi, bila kujificha.

Nikapanda. Sikukimbia, ila sikusimama. Pale mwambani nilipunguza hatua, nikasikia miti ya machela ikishushwa begani taratibu, nikakasirika, nikaendelea. Akina mama waliokuwa wanateremka walijibana pembeni, na kwa mara ya kwanza hawakunitia moyo. Nilifika juu, nikashika mti, daftari likanidondoka. Nilijaribu kutafuta mshipa wa mkononi, hesabu ikanipotea.

Mtani wangu alikuja nyuma yangu. Bila kuomba ruhusa aliinua shati langu, akapiga goti, akaweka sikio mgongoni, palepale kovu linapoishia. Akazuia pumzi. Wale watatu walitua machela chini wakabaki wanamtazama. Alisikiliza kwa muda mrefu, na mimi, niliyekuwa sijamwamini mtu tangu nirudi, nilisimama namsubiri, tayari kuamini lolote ambalo angesema.