Nusu Nyingine Iko na Kyungu

Utotoni mwangu, pale Élisabethville, watu wa kambi ya reli hawakuniita kwa jina langu. Walituita Mapasa, yaani pacha, mimi na dada yangu Kyungu kwa pamoja, hata kama aliyesimama mbele yao alikuwa mmoja tu. Kyungu alitangulia kuzaliwa. Mimi nilifuata, nikaitwa Kabange, kama desturi ya Waluba inavyotaka. Kyungu alifariki wakati wa mvua zilizopita. Tangu tumzike nimekuwa nikiikumbuka shule yetu kuliko mambo mengine yote, na leo nataka kueleza jinsi nilivyojifunza kusoma, kwa sababu sikujifunza kama watoto wengine.

Mapasa wana masharti. Ukimpa mmoja kipande cha muhogo, mpe na mwenzake kipande kama hicho. Ukishona gauni, shona mawili ya rangi moja. Hata aliyekosa akichapwa, mwenzake aliguswa kidogo mgongoni, isionekane kwamba amesahauliwa. Anayepunjwa hukasirika, walisema, na pacha akikasirika hurudi alikotoka. Maana yake hufa.

Nyanya yetu, mama yake baba, aliyaamini hayo kwa sababu yalimfika. Tulimwita Nkambo. Alikuja kukaa nasi kwa treni kutoka Bukama, baada ya babu kufariki. Baba yetu mwenyewe alizaliwa pacha. Siku moja mjomba wao alileta kitambaa kimoja tu, akamvika baba, na kabla ya mavuno yule mwenzake akafa. Leo ningesema alikufa kwa homa. Nkambo hakusema homa. Alisema kitambaa.

Tulipoanza shule ya masista, Kyungu alisoma upesi, mimi sikusoma. Herufi moja moja nilizijua, lakini neno zima lilinishinda. Herufi zikifuatana, niliziona kama siafu wanaovuka njia: hujui wa kwanza ni yupi wala wa mwisho. Mwisho wa mwaka Masera, ndivyo tulivyomwita sista wetu, akasema Kyungu apande mwaka wa pili na mimi nirudie.

Nkambo aliposikia, aliweka chini ungo wake.

"Mumoja anapanda, mumoja anabakia," alimwambia baba. "Weye mwenyewe unajua ile kitu inaleta nini."

Baba alikuwa Mkristo wa kweli, hakukosa misa. "Mama, ile ni mambo ya zamani."

"Ndugu yako naye ni wa zamani?"

Shule ilipofunguliwa tena, baba alimwomba Masera amrudishe Kyungu darasa la kwanza pamoja nami. Kisha akatuambia sisi wawili, bila ukali, kwamba nikianguka tena tutatoka shuleni wote, tukae na mama shambani. Hangetutenganisha.

Kyungu alikuwa amekwisha kukiona kitabu cha mwaka wa pili.

"Mu ile kitabu muko treni," aliniambia njiani, "na muko simba. Miye niko hapa nasoma tena ba na ma, sababu ya weye."

"Si usome mu kichwa yako?"

"Kichwa yetu iko moja. Miye nilibeba upande wa akili, weye ukabeba upande wa masikio."

Nilicheka, kisha nikalia. Nilielewa kwamba nikianguka, naanguka na yeye. Tangu siku ile sikukubali kuanguka. Lakini kutokubali si kusoma. Niliamka mapema nikakitazama kibao changu mpaka macho yakatoka machozi, na wale siafu wakaendelea kuvuka njia.

Aliyepata njia ni Nkambo. Jioni moja mama alikuwa akisonga bukari, ugali wetu, na Kyungu akisoma kwa sauti. Nkambo akamkatisha.

"Unakula nini hapo?"

"Ni neno, Nkambo. Mama."

"Na mwenzako?"

"Yeye hajui."

"Atajua namna gani, na weye umekula yote? Mu hii nyumba kitu ikiingia inakatwa. Kata."

Tulidhani anatania. Alikuja akaketi kati yetu mkekani, mkono mmoja juu ya goti la Kyungu, mwingine juu ya goti langu. Alipolipiga goti la Kyungu, Kyungu alisema kipande cha kwanza. Alipolipiga langu, nilisema kilichobaki. Ma, ma. Mo, to. Nyu, mba. Nkambo hakujua hata herufi moja. Alisikiliza tu kama mafungu yanatoshana.

Tulipofika kwenye neno kitabu, Kyungu akasimama.

"Hii iko na bipande bitatu. Sasa tunakata namna gani?"

Nkambo alifikiri kama mtu aliyeshika kisu juu ya nyama. "Weye twaa kimoja. Bile bingine ni bya Kabange. Yeye njo iko na njala."

"Huyu atapasuka," alisema Kyungu.

Sikupasuka. Ikawa hivyo kila jioni, msimu mzima wa mvua: Kyungu kipande cha kwanza, mimi mabaki yote, yawe mafupi au marefu. Na maneno yalipokatwa hivyo, nikaanza kuona pale yanapoungana. Sikungoja tena mkono wa Nkambo unifikie gotini. Kipande changu kilikuwa tayari mdomoni.

Mtihani ulikuja mwezi wa sita, wakati wa baridi na vumbi. Padri aliyekagua shule aliketi karibu na Masera, na kila msichana alisimama kusoma ubaoni. Kyungu alisoma, mimi nikimalizia kila neno kimoyomoyo, akarudi kwenye benchi. Kisha nikaitwa mimi. Masera alikuwa ameandika: Baba analeta kitabu.

Nilisoma kwa sauti kubwa, bila kusita.

"Ba. Naleta. Tabu."

Darasa zima likacheka. Masera akaniambia nisome tena. Nikasoma tena: ba, naleta, tabu.

"Mbona unayameza maneno, Kabange? Nusu nyingine iko wapi?"

"Iko na Kyungu, Masera."

Padri alicheka mpaka akavua miwani. Kyungu akainuka kwenye benchi, akasema "Ba", anipe fungu lake ili niendelee. Padri akamwomba kwa upole atoke nje. Alitoka akinitazama, na niliona anaogopa. Hakumwogopa Padri.

Nikabaki peke yangu mbele ya ubao. Fungu la Kyungu nililijua, maana nililisikia kila jioni. Mtoto mwingine angelisema tu, ndiyo kusoma. Kwangu mimi kulisema kulikuwa kula chakula cha mwenzangu naye yuko nje mlangoni, jambo ambalo nyumbani kwetu lilimuua mtu. Nikafikiria kitabu chenye treni na simba. Nikafanya ishara ya msalaba. Kisha nikasema ba ya Kyungu, nikasema ba yangu. Baba. Analeta. Kitabu. Padri akaniandikia mstari mwingine, na mwingine. Nilisoma yote, polepole, jasho likinitoka ingawa kulikuwa na baridi.

"Huyu apande," akasema Padri.

Kyungu alikimbia mbele kupeleka habari. Mimi nilifika nyuma, mzito, nikaenda moja kwa moja kwa Nkambo.

"Nkambo, nilikula na ya Kyungu."

Baba, aliyekuwa ametoka kazini, alisimama mlangoni na mkebe wake wa chakula mkononi, hakuingia.

"Kyungu," alisema Nkambo, "soma yote peke yako. Na ile ya Kabange."

Kyungu akasoma harakaharaka, mwanzo hadi mwisho.

"Na weye Kabange, yako ingali?"

"Iko, Nkambo."

"Sema."

Nikasema. Akamrudia Kyungu, akanirudia mimi, kama mtu anayechungulia vyungu viwili asiamini macho yake. Mwishowe akajisafisha mikono kwa kitambaa chake.

"Basi. Hii kitu ya masista haipungue. Mwende bote babili."

Baba akaingia ndani.

Tulipanda wote wawili, na tukamaliza shule ya msingi wote wawili. Uzeeni Kyungu alikuwa msomaji parokiani kwetu. Baada ya mazishi, ndugu kadhaa walinitazama kwa namna ninayoijua. Walikuwa wakingoja nimfuate. Sijamfuata. Jumapili iliyopita niliombwa kusoma somo lake, nikalisoma lote.

Nimesikia mapadri wakisema imani kama ile ya Nkambo ni giza, wala sibishani nao. Lakini pale kambini palikuwa na wasichana wengine walioshindwa kusoma. Waliondolewa shuleni kimya kimya, na jioni ile ile watu wakala bukari wakalala. Hakuna aliyeogopa kwa ajili yao. Kwa ajili yangu kulikuwa na mwanamke mzee aliyeogopa sana, akakataa mtu yeyote nyumbani mwake asome na mimi nikose. Ninamwomba Mungu ampokee pamoja na hofu yake. Hofu ile ndiyo iliyonifundisha kusoma.