Asilimia za Mzee Pasikali

Miaka ile, mtu wa Kibondo aliyekufa na kuacha watoto wenye kazi za ofisini hakuzikwa mpaka apite kwanza kwa Swaumu Gharibu. Si kwamba Swaumu alichonga majeneza. Alikuwa na steshenari karibu na stendi, na humo ndimo ulimochapwa wasifu wa marehemu, ule wa kurasa mbili wenye picha juu, unaosomwa kabla ya kwenda kaburini huku watu wakiangalia viatu vyao. Marehemu wake karibu wote walikuwa Wakristo, na yeye ni binti wa Kiislamu wa Ujiji aliyeletwa na ndoa huku milimani kwenye baridi. Wafiwa hawakuwahi kumuuliza dini. Walimuuliza tu kama wino upo.

Kuchapa alijifunzia Kasulu, kwa taipureta, enzi ambazo kosa moja lilitaka karatasi mpya. Baadaye alifanya kazi kambi ya wakimbizi, akichapa ripoti za watu aliowasikia wakilia nje ya dirisha. Kambi ilipofungwa, aliondoka na kompyuta chakavu ya shirika kama kiinua mgongo. Walielewana, yeye na kompyuta ile. Kitufe cha kuanzia kilikaa kwenye kioo, chini pembeni, kushoto, mahali ambapo mkono wake ulikifikia bila kumuuliza. Ikafa mwaka 2014, bila wasifu.

Kaka yake Hashimu, mwenye duka Dar es Salaam, akamtumia kompyuta ya mapajani yenye mfumo mpya. Swaumu aliiwasha akakuta kitufe hakipo. Badala yake kulikuwa na vigae vya rangi rangi, kimoja kikimpa hali ya hewa ya mji asioujua. Alipompigia Hashimu kuuliza kitufe kimekwenda wapi, aliambiwa siku hizi hakihitajiki, atazoea. Swaumu alikuwa ameambiwa hivyo juu ya mambo mengi tangu aolewe.

Hilo angelimudu. Kilichomshinda ni masasisho. Mashine ilinyonya vifurushi vya intaneti kama ndama, kisha ikajifungia na kuandika kwamba inajiweka sawa, mwenyewe asiizime. Ikifika katikati, umeme wa mji ulikatika, au ilikwama yenyewe bila kusukumwa na mtu, ikatangaza kwamba imeshindwa na sasa inafuta ilichokifanya. Kesho yake ilianza upya kwa moyo uleule. Mudathiri, mumewe, aliyeuza vitenge mlango wa pili, alisema ingefaa kugombea udiwani. Majirani wakiona kioo cha bluu walipita kutoa pole, na mmoja alileta ndizi za kupika, kwa kuwa mwenye mgonjwa hapati nafasi ya kwenda sokoni.

Ndipo akafa Mzee Pasikali wa Kitahana, mwenye mashine ya kusaga.

Mwanawe Nathaniel, ofisa wa Dodoma, alifika steshenari asubuhi ya mazishi na suti nyeusi, picha moja na tarehe tatu: ya kuzaliwa, ya ndoa na ya kufa. Mengine alimwachia Swaumu.

"Weka maneno mazuri, dada," alisema. "Nina wageni kutoka kazini. Baba yangu hashuki kaburini bila kusomwa."

Alieleza pia kwamba padri ana mazishi mengine mbali na ataondoka saa tisa, atakayemkosa atabaki na mvua. Swaumu akamhakikishia. Miaka yote hiyo hakuwa amechelewesha maiti hata moja, na jina lake mjini lilisimama juu ya hilo.

Akafanya kama alivyozoea. Alifungua wasifu wa marehemu wa wiki iliyopita, akatoa jina, akaweka jina. Upole, ucheshi na kupenda watu akaviacha mahali pake. Alimfahamu Pasikali, na vidole vilisita kidogo penye "mpole". Lakini vilikuwa vidole vya kazi, vikaendelea.

Alipoagiza kuchapa, printa ilinyamaza. Mashine ikasema haitaitambua printa mpaka yenyewe izimwe na kuwashwa upya. Swaumu akakubali, na papo hapo kioo kikawa bluu. Inajisasisha. Asiizime. Asilimia moja.

Ilipofika ishirini, umeme ukakatika mji mzima. Betri isingefika mbali. Swaumu alisimama mlangoni akiwaza, kisha akakumbuka kwamba msibani lazima kuna jenereta ya spika. Muda si mrefu bodaboda mbili zilishika njia ya Kitahana, moja ikiwa na printa iliyofungwa kwa mpira, nyingine ikiwa na Swaumu na kompyuta iliyofunuliwa mapajani, maana aliogopa kwamba kuifunika ndiko kuizima. Njiani wanaume walivua kofia, wakidhani ni picha ya marehemu.

Waya wa jenereta ulifika mpaka kwenye jeneza tu. Basi meza ikawekwa hapo, na kila aliyepita kumuaga Pasikali alitupia jicho kioo pia. Mzee alikuwa ametulia. Mashine ilikuwa arobaini.

Kasian, katekista aliyeshika kipaza sauti, alikuwa mtu wa kutoa taarifa. "Ndugu waombolezaji," alisema, "tumefika asilimia arobaini na moja. Tuzidi kuvumilia."

"Amina," akajibu mtu.

Nyimbo zikaimbwa zikaisha. Ikafika hamsini na saba. Mtu akashauri Nathaniel aeleze tu habari za baba yake kwa mdomo, lakini Nathaniel alijibu kwamba mzee wake hataagwa kama mlevi wa kilabuni, wasifu unakuja. Swaumu, aliyekaa karibu naye, aliona jasho likimshuka kwenye kola. Alielewa. Nathaniel aliondoka nyumbani mdogo, akaenda bweni, kisha chuo, kisha kazi. Zile tarehe tatu ndizo zote alizokuwa nazo.

Kwa kukosa la kufanya, Kasian aliuliza kama kuna mwenye neno. Akainuka bibi mmoja aitwaye Epifania. Alianza kwa Kiswahili cha wageni, akakiacha, akashika Kiha. Mwaka wa njaa, alisema, alipeleka muhogo mashineni bila hela. Pasikali alimsagia, huku akipiga kelele foleni nzima isikie kwamba ni mama mvivu, muhogo wake mbichi, asirudi tena. Wiki iliyofuata akarudi, akasagiwa, akatukanwa.

"Watu waliniita mvivu," alisema Epifania. "Hakuna aliyejua kwamba nina njaa."

Akarudi kukaa chini ya turubai. Kisha jirani wa shamba akasimama, mzee mwembamba mwenye koti kubwa.

"Mimi na huyu tumegombania mpaka wa mashamba tangu ujana," alisema. "Leo nimekuja kuhakikisha wanamlaza upande wake."

Watu walicheka mpaka padri akajifuta macho. Baada ya hapo hawakungojea kuitwa. Wakamtoa Pasikali mzima mzima, na hasira zake, na mkanda wa mashine aliouzungumzisha kama mke, na mke ambaye hakumzungumzisha kwa msimu mzima. Swaumu alisikiliza akiwa ameinamia kioo, na kila neno lilikwenda kugonga lile "mpole" lililojificha humo ndani.

Saa ya padri ikakaribia. Mashine ikafika mia, msiba mzima ukashusha pumzi. Kioo kikawa cheusi, kikarudi. Kasian akainama kukisoma, akanyanyuka taratibu.

"Ndugu waombolezaji, imeshindikana. Sasa inarudi nyuma."

Ndipo Verediana, mjane, akasimama kutoka kwenye mkeka. "Nathaniel, baba yako ameshasomwa," alisema. "Mzike, mvua hiyo."

Akazikwa. Mvua ilikuta udongo umeshashindiliwa. Watu walipojibanza tena chini ya turubai, mashine iliamka yenyewe, safi, ikaitambua printa, ikatoa kurasa mbili zisizo na doa. Swaumu alitamani zisionekane, lakini Nathaniel alishazichukua. Akamsomea mama yake: mpole, mcheshi, hakuwahi kugombana na mtu.

Verediana alisikiliza hadi mwisho. "Huyu ni nani?"

Nathaniel akamtazama Swaumu. Swaumu angeweza kusema ni makosa ya mashine, na siku ile wote wangemwamini. "Ni wa kwenye kompyuta, mama," alisema. "Nimemtumia kwa wengi."

"Basi naye mzikeni."

Nathaniel alisubiri mama yake aende ndani. Kisha akasogea karibu na meza, akauliza kwa sauti ya chini kama Swaumu anaweza kumtolea nakala arobaini za kurasa zilezile, za kupeleka Dodoma. Swaumu akamtolea. Printa haikukwama hata mara moja.