Chuma cha Kuvutia Gari

Harufu ya grisi siipendi hadi leo. Hunirudisha Ras Al Khor, kule Uarabuni, kwenye duka la vipuri, siku sir alipokwenda na mimi na mama kuchagua chuma cha kuvutia gari dogo nyuma ya gari lake jipya, lile kubwa lenye vitanda na jiko. Mama alikuwa mpishi wake. Madam, mke wa sir, alishasema mimi na mama tutapanda hilo dogo, maana eti miguu yetu inanuka, na zulia lake ni jipya.

Muuzaji, Mzanzibari kama sir, alitoa vyuma viwili, kinene, na chembamba cha kuvutia gari tupu.

"Gari dogo litakuwa na watu ndani?"

"Hamna mtu," sir akajibu. "Mpishi na mwanawe tu. Yalla, nipe hicho chembamba."

Tulikibeba mimi na mama.