Nyayo za Tope Mbele ya Kompyuta

Kuna mlio ambao hadi leo unanipandisha hasira kabla sijakumbuka nimemkasirikia nani. Ni mlio wa kompyuta ya mezani inapowashwa: feni inaanza kuvuma, kitu kinakwaruza ndani kama panya kwenye gunia la mahindi, taa ya kijani inawaka, halafu kioo kinabaki cheusi. Mwezi uliopita ilitokea hivyo ofisini kwetu. Kijana wa mitambo akaja, akainama chini ya meza, na kabla hajagusa waya wowote akauliza, "Nani alishika hapa?" Mimi, mtu mzima mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, nikajikuta nimeficha mikono mgongoni.

Acheni niwasimulie nilikojifunzia kuificha.

Ilikuwa Songea, miaka ile ya soko huria, wakati kila mtu mzima niliyemjua alikuwa ama amepunguzwa kazini, ama anauza kitu, ama vyote viwili. Mama alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika, mpaka wanunuzi binafsi walipoanza kuyafuata mahindi na tumbaku hukohuko shambani, na ushirika ukakosa cha kuchapa. Baba alikuwa Tunduru, alikokwenda kutafuta vito. Alikuwa akirudi mara mojamoja na vijiwe vilivyofungwa kwenye karatasi ya sigara, pamoja na hadithi kubwa kuliko vijiwe. Kwa hiyo Mama alichukua kiinua mgongo chake akamkabidhi kaka yake, Mjomba Otmari, aliyekuwa akisafiri kwenda Dar es Salaam, amnunulie kompyuta iliyotumika.

Ilifika kwa basi, imefungwa blanketi kama mgonjwa anayerudishwa nyumbani. Mama akaiweka chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Ruhuwiko, akafungua biashara ya kuchapa. Sakafu ya chumba hicho ilisuguliwa kwa rangi nyekundu, na ukichanganya harufu ya ile rangi na ya plastiki iliyopata moto, kwangu mimi ndiyo harufu ya maendeleo. Viatu vilivuliwa mlangoni, awe mteja au padri. Na kwa kuwa Mama alijua kufuma, kompyuta ilivikwa. Kioo kilikuwa na kitambaa chake cheupe chenye maua pembeni, kibodi chake, hata kipanya kilipewa kikofia. Hakuna binadamu nyumbani kwetu aliyependeza kama ile mashine.

Mjomba Otmari alikuwa mwalimu wa sekondari. Huko Dar alikuwa amehudhuria mafunzo mafupi ya kompyuta, akapewa cheti, na cheti hicho alikitundika kwenye ukuta wetu, si wake, ili wateja wajue kazi inasimamiwa na nani. Sitamsingizia: ndiye aliyeleta kazi. Walimu wenzake walimpa mitihani ya kuchapa, na muhula huo alikuwa ameleta mtihani wa majaribio wa darasa la saba wa shule kadhaa kwa mpigo. Ulitakiwa Jumatatu. Mama aliuzungumzia mtihani huo kwa sauti ya mtu anayebeba mayai.

Siku chache kabla ya Jumatatu hiyo, mvua ya radi ilinikuta nyumbani peke yangu. Kwetu mvua ya radi haichezewi. Vioo vinafunikwa, maji hayaguswi, na kila kitu cha umeme kinachomolewa. Nilikuwa darasa la nne na niliyajua hayo kama nilivyoijua Salamu Maria. Nilitoka mbio uani, nikavua ndala mlangoni kama sheria ilivyotaka (sheria haikusema lolote kuhusu miguu yenyewe), nikaizima kompyuta kama Mama alivyonifundisha, nikachomoa plagi ukutani, nikakifunika kioo kwa kitambaa chake, juu yake nikaongeza kanga kwa usalama. Kisha nikaketi katikati ya chumba, nikiwa na fahari isiyosemeka. Nilikuwa nimeiokoa.

Mvua ilipokatika, Mjomba akaingia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nani kachomoa hii?"

"Mimi. Kulikuwa na radi."

"Umechomoa ukutani tu. Ukichomoa unachomoa zote. Njoo uone watu wanavyofanya."

Akachomoa nyaya zote, moja baada ya nyingine, akinitajia majina yake. Kisha akaanza kuzirudisha. Sasa, plagi ya waya wa kioo ilikuwa pana upande mmoja, nyembamba upande wa pili, na ndani yake vijipini vyembamba kama miiba ya dagaa. Inakubali kuingia kwa namna moja tu. Mjomba aliishika kwa namna nyingine. Ikagoma. Akaisukuma kwa kiganja, kama mtu anayefunga begi lililojaa kupita kiasi.

"Mjomba, nadhani umeigeuza."

"Wewe kompyuta umesomea wapi?"

Sikuwa nimesomea popote. Baada ya kitambo akaigeuza, taratibu, kama vile ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo, akaisukuma tena ikaingia, akakaza skrubu zake mbili mpaka kucha zikamgeuka nyeupe. Akawasha. Feni, panya, taa ya kijani. Kioo cheusi. Akakipiga kofi ubavuni, kama tulivyozoea kuifanya redio. Akazima, akawasha. Cheusi. Ndipo akatazama chini.

"Nyayo hizi za nani?"

Zilikuwa zangu. Zilitoka mlangoni, nyeusi juu ya sakafu nyekundu, zikaenda moja kwa moja mpaka mbele ya kompyuta, zikaishia hapo. Hakimu yeyote angenifunga.

"Virusi," Mjomba alimwambia Mama aliporudi. "Vimekula picha yote. Huyu kaingia na uchafu wake, kagusagusa."

"Mama, ni Mjomba aliyegeuza ile—"

"Winfrida," Mama akasema. "Unamsema mkubwa?"

Hukumu ikaishia hapo. Hapakuwa na rufani. Nikafukuzwa chumba cha mbele mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Leo najua kwamba virusi vya kompyuta havipandi kwenye nyayo za mtoto. Lakini miaka ile neno hilo lilitamkwa kwa kunong'ona, maana mtaani lilikuwa na maana moja tu na watu walikuwa wakizikana kwa ajili yake. Jirani yetu Mama Zaituni, aliyeuza maandazi na kutojua kunyamaza, akachungulia mlangoni akamwambia Mama mbele ya wateja, "Shoga, nasikia kompyuta yenu ina virusi. Na sie tuliochapishiwa kadi za harusi, twende tukapime?" Watu wakacheka. Kesho yake shuleni nilikuwa na jina jipya. Virusi, lete daftari. Virusi, zamu yako kufagia. Rafiki niliyekuwa nikichangia naye kopo la maji akaanza kuja na la kwake.

Nilitaka kitu kimoja tu. Sikutaka Mjomba aaibishwe, wala sikutaka zawadi ya kuzuia radi. Nilitaka mtu mzima mmoja, yeyote, aseme kwa sauti: si Winfrida.

Jumapili, Mama, mwanakwaya ambaye hata malaria haikumzuia kuimba, alisema kichwa kinamuuma, akanituma misani peke yangu. Nilimweleza Mungu habari ya ile plagi tangu mwanzo hadi mwisho, na nikamwonyesha kwa vidole jinsi ilivyogeuzwa. Mchana Mjomba akaja na disketi aliyoifunga kwenye leso. "Dawa," akasema. Akaitumbukiza kwenye tundu lake, akabonyeza kitufe, na picha ikatokea, tena bila kusita, buluu kama anga la Julai. Mjomba mwenyewe alirudi nyuma hatua moja. Kisha akakumbuka kwamba hakupaswa kushangaa.

"Si nilisema?"

Kuku akachinjwa. Mjomba akapewa firigisi, na huku akiitafuna akaniita. "Siku nyingine ukisikia radi, usiguse kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

"Sema asante."

Nikasema asante. Nimewahi kusema maneno magumu maishani, mengine mbele ya jopo la usaili, lakini hilo ndilo lililonikaba kuliko yote. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Wahenga hawakuwahi kuishi kwetu. Kwetu mkubwa alikuwa na cheti ukutani, na jalala lilikuwa na umri wa miaka kumi.

Mtihani ulikwenda Jumatatu. Jina la Virusi lilinifuata mpaka darasa la saba.

Miaka michache iliyopita nilikwenda likizo, tukawa tumekaa na Mama jikoni tunapukuchua maharage. Tulikuwa tukimzungumzia Mjomba, ambaye tulishamzika, na Mama alikuwa akicheka kuhusu kile cheti. Kisha akasema, kwa wepesi uleule, "Zile pini za waya wa kioo nilizinyoosha mimi. Kwa sindano ya kufumia. Wewe ukiwa kanisani."

Nikaacha maharage.

"Ulijua?"

"Skrubu zilikazwa mpaka nikazifungua kwa kisu. Vidole vyako vingeweza?"

"Na ukaacha niitwe Virusi."

Akapukuchua ganda moja, akalitupa. "Ile nyumba ya Ruhuwiko unadhani ilikuwa ya nani?"

Nilidhani ilikuwa yetu. Mpaka siku hiyo, na usomi wangu wote, nilidhani ilikuwa yetu. Kumbe ilikuwa ya Mjomba, na kwa miaka yote ile hakuwahi kudai kodi. Kazi zilipitia kwake, paa lilikuwa lake, na mume wa dada yake alikuwa Tunduru akichimbua ardhi.

"Ningemwambia kaharibu yeye, tungelala wapi?" Mama akasema. "Kukuonea wewe niliweza. Wewe ulikuwa wangu."

Nimeandika kurasa nyingi kuhusu wanawake waliopunguzwa kazini miaka ile. Ningeweza kumchorea Mama mchoro wa hesabu aliyoipiga, na bado nisingempata na kosa. Ilikuwa hesabu sahihi. Hasira yangu haikujali. Mtoto wake anaweza kubeba lawama ya nyumba nzima, sawa, lakini hata pole ya pembeni, jioni, wakati wa kuosha vyombo?

"Basi sema sasa," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba si mimi."

Aliniangalia kuona kama natania. Kisha akageuka, akautazama mlango, akanisogelea. "Hukuwa wewe, mwanangu," akasema.

Tulikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa kuchapa. Kaka yake alikuwa kaburini. Na bado alinong'ona.