Usikamue Betri Hadi Tone la Mwisho

Iko siku moja, mwanangu Akai, ambayo nikiikumbuka hata leo mkono wangu huenda kifuani wenyewe. Ningependa kuisahau. Lakini tangu uliponiambia kwamba umenunua basi dogo huko Lodwar, umeling'oa viti, umeweka kitanda na friji ili upeleke wageni Eliye Springs, na sasa unatafuta betri moja mpya ya kuongezea ile ya zamani, usingizi umenipaa. Baba yako mkubwa ananicheka. Anasema nina wasiwasi wa kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Acha acheke, yeye siku hiyo hakuwepo.

Wakati huo sikuwa na mvi hata moja na nilikuwa na maneno mengi kuliko akili. Baba yako mkubwa, Lomuria, alikuwa fundi wa pampu za visima. Leo yuko Kalokol, kesho Namoruputh, keshokutwa nyuma ya Kakuma kule ambako hata ramani inachoka. Tukaona badala ya mimi kukaa Lodwar nikihesabu vumbi, tutengeneze gari la kuishi ndani. Watu walikuja kushangaa, wakasema ni mambo ya Wazungu. Mimi niliwaambia sisi Waturkana tumekuwa na nyumba za kuhama tangu zamani, ila zetu zilibebwa na punda, na punda hahitaji betri.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Gari la kuishi ndani lina betri za kazi mbili. Kuna ya injini, ambayo hupiga teke moja kubwa asubuhi halafu ikapumzika. Na kuna ya nyumba, inayotoa kidogo kidogo mchana kutwa: taa, friji, feni. Betri yetu ya nyumba ilikuwa imezeeka. Muuzaji mmoja pale Lodwar akatushauri tuitoe kabisa, tuweke mbili mpya, ndugu wa tumbo moja. Mimi nikakataa. Nikasema usiache mbachao kwa msala upitao, betri hii bado inawasha taa, kwa nini nitupe kitu kizima? Tukanunua moja mpya, tukaifunga pamoja na ile nzee. Tena, ili zote zipate chaji injini ikiwaka, tukaziunganisha moja kwa moja na betri ya injini bila swichi katikati. Lomuria alinung'unika kidogo. Yeye alijua pampu, hakujua betri. Mimi sikujua hata kimojawapo, lakini nilikuwa na sauti.

Kioo kidogo cha kupimia kilionyesha namba nzuri, nami nikaridhika. Sikujua kwamba betri iliyochoka ni kama mtu mvivu, akiwa amekaa huwezi kumtambua. Mpaka umpe mzigo.

Na mzigo tulikuwa nao. Ewoi wetu, ambaye leo unamwona na mabega yake yale, alikuwa mtoto wa pumu. Kifua kikimbana, dawa ya kuvuta peke yake haikutosha kila mara. Daktari alitupa mashine ndogo inayogeuza dawa kuwa mvuke, mtoto anavaa barakoa na kupumua polepole. Mashine ile ilitaka stima ya nyumbani, ndiyo maana tukaweka inveta ya kugeuza umeme wa betri. Kwa kweli gari zima tulilitengeneza kwa ajili ya mashine ile. Vingine vyote vilikuwa mapambo.

Basi tukaenda kijiji kimoja nje ya Kakuma, pampu yao ilikuwa imekufa. Lomuria akaifungua, akakuta kipuri kimevunjika, akapanda bodaboda kurudi mjini kukitafuta, akalala huko. Mimi nikabaki na Ewoi, gari likiwa limesimama karibu na lugga, ule mto mkavu wa mchanga, injini imezimwa.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee mmoja mrefu, Mzee Ekal, ameshika fimbo na kigoda chake cha kukalia na kulazia kichwa.

"Ejok, mama," akasema. "Hii nyumba yako iko na stima?"

"Iko, mzee."

"Basi nisaidie. Msichana yangu ameenda kuzaa hospitali ya Lodwar. Simu imekufa, sijui habari."

Niambie, mwanangu, ungemnyima? Kwetu mtu akiomba hupewa, na anayenyima husemwa mpaka na watoto wa watoto wake. Nikaichukua simu yake, mulika mwizi iliyofungwa kwa uzi, nikaichomeka. Kabla haijajaa wakaja wengine. Kisha wengine. Mama mmoja akaleta redio ya kanisa. Vijana wakaleta taa zao. Mgeni njoo mwenyeji apone, nikajiambia, na hapo mgeni nilikuwa mimi na mwenyeji nilikuwa mimi. Waliniita mama stima, na usinicheke, nilijisikia mkubwa kama mke wa gavana.

Lakini bandu bandu huisha gogo. Siku iliyofuata, asubuhi, inveta ikalia mara moja, kilio kifupi, na taa nyekundu ikawaka. Nilijua maana yake. Nilipaswa kutoka nje na kusema, jamani, imefika mwisho, iliyobaki ni ya mtoto. Nikaona aibu. Nikachukua kanga nikaifunika ile taa, nikasema jua likipanda mtambo wetu mdogo wa sola juu ya paa utasaidia. Mficha uchi hazai, lakini siku hiyo methali zote zilikuwa zimenikimbia.

Jua halikupanda. Kulikuja upepo. Unaujua upepo wa kule, unaoinua ardhi nzima na kuifanya mbingu kuwa kahawia. Nikafunga madirisha, nikaweka kitambaa chenye maji mlangoni, lakini vumbi halibishi hodi. Ewoi akaanza kukohoa. Halafu akaacha kukohoa, akaanza kupiga ile filimbi ya kifuani. Nikampa dawa ya kuvuta, haikufua dafu. Mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Aliniangalia tu. Mtoto mwenye pumu halii, mwanangu, hana hewa ya kulilia.

Nikaweka dawa kwenye mashine, nikamvalisha barakoa, nikabonyeza. Mashine ikanguruma, mvuke ukaanza kutoka. Nikasema asante Mungu. Kabla sijamaliza kusema, inveta ikapiga yowe refu, ikazima.

Nikachomoa simu moja, nikachomoa nyingine, nikabonyeza tena. Yowe, kimya. Nikaruka kwenye usukani niwashe injini, maana injini ikiwaka ingeleta umeme. Ufunguo ukatoa sauti ndogo, tik, basi. Ile betri nzee ilikuwa imemvuta mwenzake mpya mpaka chini, na kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuzitenganisha, wote wawili walikuwa wamemvuta na yule wa injini. Betri tatu, zote tupu, na mimi mwenyewe ndiye niliyezifunga pamoja. Nilimwona mtoto wangu akifa mikononi mwangu katika gari lililojaa simu za watu.

Nikafungua mlango nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Mzee Ekal alikuwa wa kwanza kufika, amejifunika shuka uso mzima. Akamwangalia Ewoi, akaziangalia zile nyaya.

"Stima imeisha?"

"Imeisha, mzee. Hata gari haiwaki. Na bila stima hii mashine haipumui."

Hakuuliza tena. Aligeuka akaita kwa sauti ambayo sikudhani mzee anayo, na watu wakatoka katika vumbi lile, wanaume, wanawake, vijana. Mama wa redio akampakata Ewoi, akaishika barakoa usoni pake kana kwamba ilikuwa ikifanya kazi. Mimi nikakaa kwenye usukani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walilisukuma gari lile kutoka kwenye mchanga, likakwama, wakalisukuma tena, mpaka likafika kwenye changarawe ngumu. Nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi. Gari likaruka kama punda aliyeumwa na siafu, likafa. Wakasukuma tena. Midomo yangu ilikuwa inaomba, sijui ilikuwa inaomba kwa lugha gani. Mara ile ya mwisho injini ikakohoa, ikashika.

Nilikanyaga mafuta na sikuondoa mguu. Inveta ikaamka. Mashine ikanguruma. Kupitia kioo cha ndani nilimwona mama yule amemwegemeza Ewoi kifuani pake, na mvuke ukipanda. Kisha Ewoi akaanza kulia, kilio kikubwa kibaya, na mimi nikalia pamoja naye kwa sababu kilio kile kilikuwa hewa.

Upepo ulipotulia watu wakachukua simu zao mmoja mmoja. Mzee Ekal alibaki. Akaweka kigoda chake mlangoni, akakaa. Nilidhani amekuja kunipa pole.

"Mama Ewoi. Ngamia iko na chuchu ngapi?"

"Nne, mzee."

"Wewe unakamua ngapi?"

"Mbili."

"Na zile ingine?"

"Za ndama wake."

"Eeh. Sasa wageni wamekuja, wewe unakamua zote nne. Wageni wanakunywa, wanashukuru, wanaenda. Kesho ndama amekufa. Nani ameua?"

Nikaushika mkono wa Ewoi.

"Mimi niliomba stima ya simu," akasema. Hakuwa akifoka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Sikuomba pumzi ya mtoto. Ungeniambia, ningerudi kwangu na simu yangu imekufa, hakuna shida. Sasa umenifanya mwizi, na mimi sijui."

Nikamwambia, mzee, injini inawaka sasa, lete simu niichomeke, upate habari za binti yako. Akakataa. Akafunga simu ile katika ncha ya shuka, akashika fimbo, akaianza njia ya Kakuma kwa miguu akatafute mtu wa kumpa habari. Nilikuja kusikia kwamba binti alijifungua salama, mtoto wa kike, namshukuru Mungu. Lakini mgongo wa mzee yule ukienda zake katika vumbi, huo sijaweza kuufuta. Angenichapa fimbo ningeona nafuu.

Lomuria aliporudi tulikwenda moja kwa moja Kakuma. Fundi mmoja Mkongomani alizipima zile betri kwa mzigo, akatikisa kichwa. "Mama," akasema, "hii ya zamani ilikuwa inakula hii ya mupya. Zote mbili zimekwisha." Tukaziacha pale.

Kwa hiyo, mwanangu Akai, nakuomba, na najua nakuudhi kwa kurudia. Usifunge betri mpya na nzee. Nunua pamoja, za aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja, na usikubali iliyokaa juani dukani ikapakwa rangi. Mwambie fundi aipime kwa mzigo, usidanganywe na namba ya betri iliyolala. Kati ya betri ya injini na za nyumba weka kitenganishi, ili hata nyumba ikizima, gari liwake. Ukinunua zile za kawaida za asidi, zitumie hadi nusu tu, na ile nusu nyingine uihesabu kuwa ya ndama. Uzipe pia mahali pa kupitisha hewa, maana zikichajiwa hutoa gesi. Ukijaliwa kupata za lithiamu, hizo huvumilia kushushwa zaidi na ni nyepesi, lakini zina chaja zake maalumu, na joto letu unalijua: usiziweke karibu na injini, wala usizifunge moja kwa moja kwenye altaneta, ile inayozalisha umeme wa injini, bila kifaa cha katikati. Waya uwe mnene. Ukiona waya una joto, simama.

Na unapokaa kupima ukubwa, usipime kama mtu anayeishi peke yake. Mimi nilihesabu taa, friji na mashine, sikuwahesabu watu. Katika nchi hii watu watakuja. Weka betri ndogo ya pembeni, ya wageni, iliyojitenga na ya nyumba. Ikiisha imeisha, na hakuna atakayekulaumu. Usiwe mchoyo hata kidogo, uchoyo si dawa ya hofu. Lakini mtu akija mlangoni na simu yake, mwonyeshe kilichopo na kilichotengwa, mwambie kwa heshima, hii ni yako, hii si yangu wala yako. Aibu ya kusema hivyo ni ndogo. Nimebeba ile nyingine, naujua uzito wake.

Nenda, mwanangu. Akuj, Mungu wetu, akutangulie barabarani, lugga zisijae ukiwa katikati, mtoto wako alale akivuta pumzi ndefu. Mlango wako usikose wanaobisha, na mkono wako usikose cha kuwapa. Na kila atakayekula kwako, akiinuka kwenda zake, aende na mikono safi.